Taarifa za shule yetu ya msingi na shughuli za muhula wa pili: tuzifikisheje kwa kila mlezi hapa Tanga?

Mjumbe wa Kamati (mwanzisha uzi)

Waungwana, assalaam alaykum na habari za wakati huu.

Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule katika mojawapo ya shule za msingi za serikali zilizo upande wa baharini wa Jiji la Tanga. Nimefungua uzi huu ili niwape wazazi wenzangu taarifa za muhula wa pili, na papo hapo niombe ushauri wa namna ya kuzifikisha kwa yule hasa anayekaa na mtoto, anayemwamsha alfajiri, anayemfulia sare na kumwuliza jioni amefundishwa nini. Katika mitaa yetu watoto wengi wako kwa bibi, kwa shangazi au kwa mama mkubwa, ilhali namba ya simu iliyoandikwa katika kumbukumbu za shule ni ya baba aliyeko Dar es Salaam au Mombasa. Ujumbe hutumwa, baba akausoma huko aliko, na bibi wa Chumbageni akasikia habari za kikao siku ya pili yake, watu wakiwa wameshatawanyika.

Nianze na habari iliyo nzito kuliko zote, ambayo naona bado haijaeleweka sawasawa kwa wengi wetu. Watoto walioingia darasa la tatu Januari 2024 wanasoma kwa mtaala ulioboreshwa, ambao kwa huo elimu ya msingi ni ya miaka sita. Waliokuwa darasa la nne mwaka huo wanaendelea na utaratibu wa miaka saba. Kwa hiyo mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba watamaliza shule ya msingi kwa pamoja, na watakaochaguliwa wataingia kidato cha kwanza mwaka mmoja. Mzazi mwenye watoto wawili waliofuatana darasa ajue tangu sasa kwamba atashona sare za sekondari za watoto wawili kwa mkupuo mmoja, atanunua viatu jozi mbili na madaftari ya watu wawili, na ada ya kikoba haitamsubiri. Anayeanza leo kuweka kidogo kidogo atapata nafuu. Tena, vitabu vya makundi haya mawili si vilevile, kwa hiyo mdogo hawezi kurithi vitabu vya kaka yake kama tulivyozoea, na mlezi anayetaka kununua kitabu cha ziada amwulize kwanza mwalimu wa darasa.

La pili ni mitihani. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne hufuata Oktoba, yote miwili chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania. Uongozi wa shule umependekeza masomo ya ziada ya alasiri kwa madarasa hayo, na hapo pana mvutano wa kweli, kwa sababu alasiri ndiyo saa ya chuo, yaani madrasa ya Qur'ani. Mtoto akiwekwa shuleni hadi saa kumi, ustadhi anamkosa. Akiondoka saa nane, mwalimu wa Hisabati anabaki na nusu ya darasa. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, kwa kuwa kila upande unamtakia mtoto heri.

Lipo pia suala la kingatiba ya kichocho na minyoo ya tumbo, ambayo wahudumu wa afya huja kuitoa shuleni. Kila dawa hizi zinapokuja huzuka uvumi mitaani, baadhi ya walezi huwazuia watoto nyumbani siku hiyo, na ninaamini sababu kubwa ni kwamba taarifa hutolewa kwa watoto tu, tena mchana wa siku iliyotangulia. Kama yupo mtaalamu humu atusaidie maelezo.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Darasa la tano litakwenda mapango ya Amboni, kilometa nane hivi kaskazini mwa mji, kwa ajili ya somo la Jiografia na Mazingira. Siku ya Kiswahili Duniani ni 7 Julai, nasi tunaiadhimisha mwishoni mwa mwezi huo kwa watoto kughani mashairi mbele ya wazazi, maana siku za mwanzo za muhula darasa huwa halijatulia. Tarehe 15 Oktoba ni Siku ya Kunawa Mikono. Mahafali ya darasa la saba yatatangazwa baadaye.

Kikao kikuu cha wazazi ndicho nilichokuwa na hamu nacho zaidi. Humo tutajadili chakula cha mchana, mapato na matumizi ya shule, na ukarabati wa vyoo vya wasichana. Ninachokililia ni mahudhurio. Kikao kilichopita walikuja wachache, wengi wao wakiwa ni walewale ambao watoto wao hawana matatizo, na uamuzi wa mchango wa mahindi ukapitishwa na watu ambao hawafikii hata robo ya walezi. Uamuzi wa namna hiyo hauna nguvu, na mzazi ambaye hakuwepo ana haki ya kuuliza ni nani aliyemwamulia.

Mwalimu wa Awali

Ndugu Mjumbe, waalaykum salaam. Nashukuru kwa kuliweka wazi jambo hili.

Mimi ninafundisha, si katika shule yako, lakini hali zetu zinafanana. Naomba wazazi waelewe kwamba kundi la WhatsApp halikuanzishwa kwa uvivu wa walimu. Karatasi ni gharama, wino ni gharama, na mwalimu mwenye darasa lenye watoto wengi kuliko madawati hana muda wa kuandika barua kwa kila nyumba. Hata hivyo nakubaliana nawe kwamba kundi lile lina watu wa aina moja, wenye simu janja na bando, na kwamba ujumbe wa maana humezwa na salamu za asubuhi na picha za maua. Mwezi mmoja niliandika taarifa ya nusu ukurasa, nikaitoa nakala, nikaibandika kwa gundi nyuma ya daftari la kila mtoto, na chini yake nikaacha mstari wa mlezi kutia sahihi au dole gumba. Daftari lilirudi na alama za dole gumba nyingi kuliko nilivyotarajia. Walezi wale hawakuwa wamewahi kujibu ujumbe wangu hata mmoja kwenye simu.

Kuhusu masomo ya ziada, msipendekeze Jumamosi asubuhi mkidhani mmetatua. Watoto wengi wa Makorora na Msambweni wana chuo Jumamosi na Jumapili asubuhi vilevile.

Nesi wa Zahanati

Nimeona ombi la maelezo ya kingatiba, nami nimewahi kushiriki zoezi hilo mara nyingi, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Dawa zinazotolewa ni mbili. Ya minyoo ya tumbo ni albendazole, kidonge kimoja ambacho mtoto hukitafuna. Ya kichocho ni praziquantel, na idadi ya vidonge vyake hutegemea urefu wa mtoto. Ndiyo maana mnawaona wahudumu wamesimamisha ubao wenye alama za rangi au za namba: mtoto anasimama kwenye ubao, alama inayolingana na utosi wake ndiyo inayoonyesha ameze vidonge vingapi. Ubao umewekwa kwa sababu mizani haipatikani katika kila shule, na urefu unakadiria uzito kwa kiasi kinachotosha. Hakuna siri nyingine.

Sasa lililo muhimu kuliko yote kwa mlezi: mtoto asimeze praziquantel akiwa na njaa. Dawa hii ikikuta tumbo tupu huleta kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo, na mtoto mwenye vimelea vingi huyasikia zaidi kwa sababu dawa inapambana navyo. Mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe baada ya muda mfupi. Lakini fikirieni: mtoto ametoka nyumbani bila hata chai, anameza vidonge saa nne, saa tano anatapika mbele ya wenzake, na saa sita mtaa mzima unasema watoto wamepewa sumu. Uvumi wote huo ungezuiliwa na sentensi moja ya kumwambia mlezi siku tatu kabla kwamba siku fulani mtoto ale ashibe kabla ya kutoka, uji mzito, viazi, mihogo, chochote kilichopo. Mtoto aliye mgonjwa siku hiyo, au mwenye kifafa, mlezi aje amwambie mhudumu mapema.

Kichocho hakiletwi na uchafu wa mtu. Kinaletwa na maji baridi ya mabwawa, mito na vijito ambamo watoto huogelea na kufua, na ambamo konokono wanaobeba vimelea wanaishi. Maji ya bahari hayana kichocho. Mtoto akianza kukojoa damu apelekwe kituo cha afya, asisubiri siku ya kingatiba, na asiambiwe kwamba ni dalili ya kukua.

Mke wa Mvuvi

Bi Nesi, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Hii habari ya kula kwanza sijawahi kuambiwa na mtu yeyote, na nina watoto watatu waliokwishameza dawa hizo.

Nataka kusema juu ya kikao. Sisi wa huku Deep Sea na Sahare waume zetu wanavua dagaa, na dagaa anavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa haupo, baharini panajaa, wanaume wanarudi asubuhi wamechoka, na wanawake tuko kwenye masufuria tunachemsha na kuanika hadi jua linapozama. Mkiita kikao siku hizo msitulaumu kwamba hatujali elimu ya watoto wetu. Mwezi ukiwa mpevu, mbalamwezi imetanda, vyombo vingi vinapumzika, baba yuko barazani anashona nyavu, na mama ana nafasi. Kamati iangalie mwezi kabla ya kupanga tarehe. Wala haihitaji utaalamu, kwa kuwa kalenda ya Kiislamu iko ukutani katika kila nyumba, na tarehe kumi na tatu hadi kumi na saba za mwezi wowote zinafaa.

Na kikao kisiwe Ijumaa.

Mhasibu Mstaafu

Nimesoma kwa makini na ningependa kuongeza upande wa fedha, kwa sababu ndiko imani ya wazazi inakojengwa au kubomoka.

Tangu Januari 2016 elimu ya msingi katika shule za serikali haina ada. Serikali hutoa ruzuku ya uendeshaji, iliyopangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka; kati ya hizo, 6,000 zilikusudiwa kwenda moja kwa moja shuleni na 4,000 zikabaki kwa ajili ya vitabu. Shilingi 6,000 kwa mwaka ni shilingi 500 kwa mwezi. Kwa mtoto mmoja fedha hiyo haitoshi hata chapati mbili na chai, na kutoka humo shule inatakiwa inunue chaki, ifanye ukarabati mdogo, ichape mitihani ya majaribio na iendeshe michezo. Mzazi akiyajua haya ataelewa kwa nini kamati inaomba mchango, na ataelewa pia kwamba mchango ni wa hiari na kwamba mtoto hawezi kurudishwa nyumbani kwa sababu mlezi wake hajachanga. Mambo yote mawili yaandikwe katika karatasi ileile. Shule nyingi huandika la kwanza na kulinyamazia la pili.

Fedha iliyoingia inapaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ushauri wangu ni kwamba ubao huo usiwe ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu, ambako mama aliyevaa kanga ya nyumbani ataona haya kuingia. Uwekwe langoni, chini ya kibati cha kuzuia mvua, na maandishi yawe makubwa: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki.

Mlezi wa Makorora

Mimi ni bibi, nalea wajukuu wawili. Kuna jambo moja nataka kulisemea. Imependekezwa mahali pengine kwamba watoto wa madarasa ya mtihani wasome chuo baina ya magharibi na isha ili alasiri wabaki shuleni. Kwa mvulana sina neno. Mjukuu wangu wa kike sitamruhusu atembee gizani kwa ajili ya ratiba iliyopangwa na watu wazima, na sitamnyima Qur'ani wala Hisabati. Tafuteni njia nyingine.

Mwalimu wa Awali

Bibi, shikamoo. Umesema kweli, na hilo ndilo lililotufanya sisi tuache mpango huo. Tulichofanya ni kukaa na maustadhi wa vyuo vya jirani, uso kwa uso, tukakubaliana kwamba kwa wiki chache kabla ya mtihani watoto wa darasa la nne na la saba wafike chuoni saa tisa na nusu badala ya saa nane, na sisi tuwaachie saa tisa kamili bila kuongeza hata dakika. Ustadhi akishirikishwa mapema huwa upande wako. Kinachomuudhi ni kuona wanafunzi wamepotea bila mtu kumwambia neno.

Mkaa Raskazone

Kuhusu ziara ya Amboni, ni uamuzi mzuri sana. Mapango yale ni ya mawe ya chokaa, yaliyochongwa na maji kwa muda mrefu mno, na mtoto akiona kwa macho yake namna matone yanavyojenga nguzo za mawe kutoka juu na kutoka chini, hatahitaji kukariri. Walimu wawaandae kwa tochi na viatu vyenye soli inayoshika, kwa sababu ndani ni giza na kuna sehemu za kuteleza, na mlezi wa mtoto mwenye pumu aulizwe kwanza.

Lakini naomba kamati isiishie Amboni, ambako nauli inaweza kuwazuia baadhi ya watoto. Boma la zamani la Wajerumani katikati ya mji lina makumbusho ya Urithi, na watoto wa Chumbageni au Ngamiani wanaweza kufika kwa miguu. Mji wetu una hazina ya kutosha kwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili: vita vya Novemba 1914 vilipiganwa katika mitaa hii tunayopita kila siku, reli ya kwenda Moshi ilianzia hapa, na mkonge ulioingizwa mwaka 1893 ndio ulioipa Tanga jina duniani. Kwa siku ya mashairi, watoto waambiwe kwamba Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, hapahapa kwetu, na alifariki dunia Tanga mwaka 1962. Mtoto wa Tongoni akijua kwamba mshairi mkubwa alikulia pwani hii hii, ataghani kwa sauti nyingine.

Baba wa Pongwe

Swali fupi. Mchango wa chakula ni wa mahindi au wa fedha? Na wasio na uwezo wamewekewa utaratibu gani?

Mjumbe wa Kamati

Ndugu zangu, nimefarijika. Nimeyapeleka mawazo yenu kwa mwenyekiti wa kamati na kwa mwalimu mkuu, na ninaweza kueleza tulipofika.

Ndugu Baba wa Pongwe, pendekezo litakalopelekwa kikaoni ni kwamba mlezi achague mwenyewe kati ya mahindi na maharage, fedha yenye thamani hiyo, au kazi. Akina mama wa jikoni wanahitaji wasaidizi wa kuchambua maharage na kuosha masufuria, na siku za kazi za mlezi zitahesabiwa kuwa mchango kamili. Watoto wa nyumba zisizo na uwezo watakula pamoja na wenzao, sahani ileile na foleni ileile, na orodha yao haitasomwa hadharani. Kwa wanaouliza kwa nini tusubiri kikao, jibu ni kwamba kiasi cha mchango hakipangwi na kamati peke yake. Wazazi ndio wanaokubaliana, na safari hii tunataka wawepo. Bado hatujapata jibu la nishati. Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu wengi ziache kuni na mkaa, na jiko la gesi la kupikia makande ya shule nzima ni gharama kubwa, kwa hiyo mwenye uzoefu wa jiko banifu au wa gesi katika shule nyingine aandike hapa.

Kikao kimehamishiwa Jumamosi iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu, saa tatu asubuhi, ili kiishe kabla ya adhuhuri. Mke wa Mvuvi, wazo lako ndilo lililobadilisha tarehe. Mwalimu mkuu na wajumbe wawili watakwenda kuonana na maustadhi wa vyuo vitatu vilivyo jirani kabla ya ratiba ya masomo ya ziada kutangazwa, na mapendekezo ya saa yatatoka kwao na kwa walimu kwa pamoja, kwa sharti kwamba hakuna mtoto atakayetembea baada ya magharibi.

Taarifa ya muhula itatolewa kwa karatasi, nusu ukurasa, ikibandikwa nyuma ya daftari la Kiswahili la mtoto mmoja wa kila nyumba na kuachiwa nafasi ya sahihi au dole gumba. Nyumba yenye watoto wawili au watatu shuleni itapata moja tu kwa yule mdogo, ili tuokoe karatasi. Itasema siku, saa, jambo lenyewe na kama lina gharama yoyote. Sentensi ya Bi Nesi kuhusu kumlisha mtoto kabla ya kingatiba tutaiandika kwa herufi nzito, na mstari mmoja utawekwa wa kumwomba mlezi aandike namba ya simu ya mtu anayekaa na mtoto nyumbani, hata kama ni ya jirani. Maimamu na wachungaji wa mtaa wamekubali kuitangaza baada ya swala ya Ijumaa na ibada ya Jumapili. Kundi la WhatsApp litaendelea, lakini halitahesabiwa kuwa ndiyo njia rasmi ya kumfikishia mlezi habari.

Ubao wa matangazo utahamishiwa langoni wiki hii. Fundi amekwishapima, na kibati kimepatikana.

Karatasi za kwanza zitakwenda nyumbani Jumatatu ijayo. Mlezi wa shule yetu ambaye hadi Jumatano hatakuwa ameiona nyuma ya daftari la mtoto, apite ofisini asubuhi yoyote kabla ya saa nne, au amwambie mjumbe wa kamati wa mtaa wake, naye ataletewa.